Kwa nini nesi wenu anamsikiliza Bruce Springsteen

SEHEMU YA 1

Mama zangu, wadogo zangu, na nyie akina baba vijana mnaosoma kimya kimya bila kujionyesha, najua mmenizoea kwa mambo ya kunyonyesha, homa za watoto, kitovu cha kichanga na chanjo. Leo naomba mnivumilie, nataka kuongelea muziki. Tena siyo taarabu wala Bongo Fleva. Ni rock ya Wamarekani, ile ya magitaa na ngoma nzito. Msinicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, mtaona sijatoka nje ya kazi yangu hata kidogo.

Dada yangu mkubwa anaishi New Jersey, Marekani. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani wasipate vidonda vya mgongo. Wengi wetu tuna ndugu anayefanya kazi kama hiyo huko. Siku moja akanitumia wimbo WhatsApp, na ujumbe wa sauti juu yake: "Mdogo wangu, wazee wangu hapa wanampenda sana huyu jamaa, wanasema ni mtoto wao wa hapa hapa. Sikiliza, halafu nitakueleza maneno, maana lafudhi yake hutaiweza."

Kweli sikuiweza. Nilisikia sauti ya mkwaruzo, kama ya mtu aliyekesha zamu ya usiku halafu akaambiwa unganisha na ya asubuhi. Hiyo sauti naijua, naisikia kwa wenzangu kazini kila wiki! Nikampigia dada, akaanza kunifafanulia ubeti kwa ubeti. Tangu siku hiyo sijaacha.

Anaitwa Bruce Springsteen. Wengi wenu mmeshamsikia bila kumjua. Mnaukumbuka We Are the World, ule wimbo wa mwaka 1985 wa kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia? Sisi nyumbani tulikuwa nao kwenye kanda ya baba. Kuna sauti moja mle inakwaruza kuliko zote, basi ndiye yeye. Na Oktoba 1988 alikuja Afrika, akaimba Harare na Abidjan kwenye msafara wa Amnesty International, pamoja na Tracy Chapman, Youssou N'Dour, Sting na Peter Gabriel.

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1949, akakulia Freehold, mji mdogo wa New Jersey. Anatunga na kuimba kwa zaidi ya miaka 50 sasa. Ukiacha nyimbo zake za mapenzi na magari, ambazo ni nyingi, watu waliojaa kwenye nyimbo zake ni wale ambao hakuna gazeti linawaandika: baba wa kiwandani, kijana wa kazi za ujenzi, askari aliyerudi kutoka vitani akakosa kazi, binti aliyepata mimba mapema, mtu anayeumwa na marafiki wamemkimbia. Wamarekani wa kawaida kabisa, wale tusiowaona kwenye filamu.

Msimamo wangu ni huu. Yule mzee kwenye nyimbo zake anafanya kile ambacho sisi manesi tulifundishwa chuoni siku za mwanzo, halafu uchovu ukatusahaulisha. Anachukua historia ya mtu. Anamuuliza wewe ni nani, unafanya kazi gani, unaishi na nani, ulilala? Hamhukumu kabla hajajibiwa. Na nitawaambia baadaye mama mmoja na kichanga wake walivyoumizwa kwa sababu mimi mwenzenu sikuuliza.

SEHEMU YA 2: MAMA ALIYEKOPA ILI ANUNUE GITAA

Tuanze na mama yake, maana hapa wengi mtajiona.

Aliitwa Adele. Alikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi ya mwanasheria, na mshahara wake ndio ulioshika nyumba. Kila asubuhi anavaa vizuri, viatu vyake, anatoka. Mtoto anasikia hatua zake. Springsteen ameeleza mara nyingi jinsi alivyokuwa akimwona mama yake akienda kazini na kurudi na kichwa juu, na kwamba kutoka kwake ndiko alikojifunza kwamba kazi ni heshima ya mtu.

Hawakuwa na hela. Alipokuwa mdogo waliishi kwenye nyumba ya babu na bibi, nyumba iliyochoka, baridi yote ya kule inategemea jiko moja la mafuta ya taa sebuleni. Sasa katika hali hiyo, mtoto wa kiume, darasani hafanyi vizuri, nywele ndefu, anataka gitaa la umeme. Bei kama dola 60. Mama zangu, semeni ukweli, ni wangapi tungemwambia "kasome kwanza"? Adele alikwenda kukopa hela akamnunulia.

Baadaye mtoto alimtungia mama wimbo kuhusu gitaa hilo. Adele aliishi miaka 98, akafariki Januari 2024. Miaka yake zaidi ya kumi ya mwisho aliugua Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau. Mwanaye alisema jukwaani kwamba hata maneno yalipomwishia, muziki ukipigwa mama alitaka kucheza. Dada yangu aliniambia hilo halimshangazi, analiona kwa wazee wake kila siku. Jina la mwanaye limepotea, wimbo wa ujana wake bado upo.

Sasa baba. Hapa ndipo pagumu.

Baba yake aliitwa Douglas. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mazulia pale Freehold, akafanya kiwanda cha magari cha Ford, akawa dereva, akawa askari magereza. Kazi nyingi, hakuna iliyodumu. Usiku anakaa jikoni peke yake, taa imezimwa, bia na sigara mezani. Mtoto akirudi lazima apite hapo jikoni. Wanagombana. Au baba hasemi kitu kabisa, ambayo wakati mwingine ni mbaya zaidi.

Miaka mingi watu walimwona ni mtu mkorofi tu. Kumbe alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wa akili, tena mzito, ambao ulikuja kutambuliwa na madaktari akiwa mtu mzima sana. Hebu fikirieni nyumba ngapi mnazozijua zenye baba wa namna hiyo. Tunasema "baba yule ana roho mbaya", "amerogwa", "pombe imemharibu". Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mtoto angeweza kukua akaimba nyimbo za kumlaani baba. Kwa nyimbo za mwanzo mwanzo kidogo alifanya hivyo. Lakini mwaka 1978, kwenye albamu yake ya Darkness on the Edge of Town, akaweka wimbo mfupi unaoitwa Factory, yaani Kiwanda. Ni dakika mbili na kitu tu. Unaeleza asubuhi ya baba: king'ora, chakula kimefungwa, geti, mvua. Baba anapoteza usikivu kwa kelele za mashine zile zile zinazolisha watoto wake. Jioni anatoka getini na hasira ambayo lazima imwangukie mtu.

Mimi kama nesi niliusikia wimbo ule kama faili la mgonjwa. Kazi yake ni nini. Kelele kiasi gani. Masikio yakoje. Usingizi. Hasira inaanza saa ngapi. Yule kijana alirudi nyuma akamuuliza baba yake maswali ambayo hakuna mtu alimuuliza wakati ule, na majibu akayapata kwa kumwangalia. Siyo kwamba alimsafisha baba. Ameeleza alichokiona, na ukishajua baba yule anatoka wapi, huwezi tena kusema "ana roho mbaya" ukamaliza.

SEHEMU YA 3: BINTI WA MIAKA 18 NA KIJANA WA ZEGE

Hii sehemu niliichelewesha kwa siku mbili kwa sababu inaniuma. Naiandika kama ilivyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi. Akaja binti wa miaka 18, uzazi wa kwanza. Nje kuna kijana amesimama, hana zaidi ya miaka 20, suruali imeganda saruji mpaka magotini. Mkononi kashika chupa ya chai na khanga mbili kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo sista. Naomba kujua hali ya mke wangu."

Nilikuwa nimechoka. Wazazi walikuwa wengi, manesi wawili. Hiyo ni sababu ila siyo kisingizio. Nikamjibu mbele ya watu: "Mke wako? Mtoto kazaa na mtoto. Mlikuwa mnakimbilia wapi?" Watu kwenye benchi wakacheka. Kijana akaangalia chini, akaniachia chupa ya chai, akarudi ukutani. Ndani nako yule binti alipopiga kelele za uchungu nikamwambia yale maneno ambayo mama zangu mnayajua, sitayarudia hapa.

Alijifungua salama mtoto wa kike. Asubuhi wakaondoka.

Wiki sita zikafika, siku za kliniki ya chanjo. Hakuja. Mwezi wa tatu, hakuja. Mtoto alikuja kupatikana akiwa na miezi minne, mhudumu wa afya wa mtaa alipopita nyumba kwa nyumba. Kichanga hana chanjo ya wiki sita wala ya wiki kumi. Mwenzangu alipomuuliza mama kwa nini, akasema anamwogopa yule nesi mkali wa usiku.

Nesi mkali wa usiku ni mimi.

Mtoto alipata chanjo zake kwa kuchelewa, na tunamshukuru Mungu hakupata kifaduro wala nimonia katikati hapo. Lakini angeweza. Mtoto wa miezi miwili akipata kifaduro anaweza kufa kwa kikohozi mbele ya macho yako. Na chanzo kingekuwa kicheko cha watu kwenye benchi.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1980 Springsteen alitoa albamu inayoitwa The River, yaani Mto. Wimbo uliobeba jina la albamu unahusu kijana na binti wa sekondari. Binti anapata mimba. Siku kijana anapotimiza miaka 19 anapewa vitu viwili: kadi ya chama cha wafanyakazi na koti la harusi. Wanaenda mahakamani kufunga ndoa, hakuna maua, hakuna shamrashamra. Kijana anapata kazi ya ujenzi. Halafu uchumi unaharibika, kazi zinapungua, na mapenzi yao yanaanza kukauka kama ule mto waliokuwa wakiogelea.

Wimbo huu hakuutoa hewani. Ni dada yake wa damu na shemeji yake. Dada alipata mimba akiwa bado binti mdogo, wakaoana, mume akawa fundi wa ujenzi, uchumi ulipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1970 akapoteza kazi, wakahangaika. Mara ya kwanza kuuimba mbele ya watu ilikuwa Septemba 1979, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, na dada mtu alikuwa amekaa mle ndani akisikiliza maisha yake. Ile ndoa yao haikufa. Springsteen amewasifu mara nyingi kwa walivyovumilia.

Dada yangu aliponieleza maneno ya wimbo huo, nilikuwa nimekaa kitandani natoa soksi baada ya zamu. Nikaona ile suruali ya saruji. Kijana wa wimbo ni Mmarekani mweupe wa New Jersey, na kijana wangu alikuwa kibarua wa zege hapa kwetu. Lakini ni kijana yule yule. Amefanya kosa, kama ni kosa, na ameamua kusimama nalo. Kaleta chai. Kaleta khanga. Hajakimbia. Ni wangapi wanakimbia! Mimi niliyepaswa kumpa kiti nikamfanya kichekesho, wakati mwimbaji ambaye hajawahi kumwona alimtungia wimbo mzima bila kumcheka hata mstari mmoja.

Siku hiyo nililia kidogo, nawaambia ukweli. Halafu nikalala kwa sababu jioni nilikuwa na zamu.

SEHEMU YA 4: WANAOSIKIA KIITIKIO TU

Kuna mtu ataniuliza, "Nesi, huyo si ndiye yule wa Born in the U.S.A.? Ule wa kujisifia Marekani?"

Hapo sasa! Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Albamu ya Born in the U.S.A. ilitoka Juni 1984. Nyimbo zake saba ziliingia kumi bora za Marekani. Kiitikio cha wimbo wa kwanza kinapigwa kwa nguvu, ngumi juu, bendera, na watu wengi wakaona ni wimbo wa kujivunia nchi. Mpaka Rais Ronald Reagan, akiwa kwenye kampeni Hammonton, New Jersey, Septemba 1984, akamtaja Springsteen kama mtu anayewapa vijana wa Marekani matumaini.

Lakini sikiliza beti. Ni mtu aliyezaliwa mji uliochoka, akapelekwa vita ya Vietnam, akapoteza ndugu huko, akarudi nyumbani. Anaomba kazi kiwandani, hapati. Anakwenda ofisi ya kuhudumia askari waliorudi, hapati msaada. Miaka kumi imepita bado hana pa kwenda. Kiitikio kile kikubwa ni kilio cha mtu anayesema "mimi ni mtoto wa nchi hii, mbona mmenisahau?" Siku chache baada ya Reagan kumtaja, Springsteen akiwa jukwaani Pittsburgh alijiuliza mbele ya watu ni albamu gani hasa Rais anaipenda, akapiga wimbo wa mfanyakazi aliyefukuzwa kazi kiwanda cha magari kilipofungwa, akaishia kuua mtu. Na kwenye ziara ile alikuwa akichangia hela kwa benki za chakula, zile zinazogawia chakula watu walioishiwa, mji kwa mji.

Mama zangu, hili la kusikia kiitikio tu na kuacha beti ndio ugonjwa wetu hospitalini. Mama anakuja, anasema kwa sauti kubwa "mtoto hali." Hicho ni kiitikio. Ukimpa dawa ya minyoo akaondoka umefanya kazi ya Rais Reagan. Ubeti uko chini: baba kaachishwa kazi mwezi wa pili sasa, wanakula mara moja, maziwa ya mama yamepungua kwa sababu hata yeye halali wala hali. Ukikaa naye dakika tano atakwambia. Usipokaa hatakwambia kamwe, atasema "ahsante sista" ataenda zake.

Springsteen yeye huanzia kwenye beti. Mwaka 1995 aliimba kuhusu Youngstown, Ohio, mji wa viwanda vya chuma. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni kubwa ya chuma ya pale ilitangaza kufunga kiwanda, watu kama 5,000 wakapoteza kazi. Ni Jumatatu, mpaka leo wenyewe wanaiita Jumatatu Nyeusi. Kwenye wimbo anaongea mtoto wa mfanyakazi wa tanuru, naye mwenyewe mfanyakazi wa tanuru. Lile tanuru wafanyakazi walilipa jina la kike, Jenny, na kijana anaongea nalo kama anaongea na mpenzi aliyemwacha. Mwenye kiwanda ametajirika, waliotengeneza chuma cha vita vya Marekani wamebaki wamesahaulika.

Hata kiwanda cha mazulia cha Freehold alichofanyia kazi baba yake kilifungwa. Upo wimbo wake, My Hometown, mtoto anapakatwa na baba kwenye gari akionyeshwa mji. Miaka inapita, mtoto sasa ndiye baba, anampakata mwanaye, na maduka yamefungwa na kiwanda kinafungwa, anawaza wahame. Ukiwa na mtoto mdogo na hujui mwezi ujao mtalipa kodi na nini, huo wimbo hauhitaji tafsiri.

SEHEMU YA 5: MGONJWA WA PHILADELPHIA, NA MAMA ANAYEMWANDAA MTOTO KWENDA SHULE

Mwaka 1993 ilitoka filamu inaitwa Philadelphia. Tom Hanks ameigiza mwanasheria mwenye Ukimwi anayefukuzwa kazi. Springsteen ndiye aliyetunga wimbo wa mwanzo wa filamu, Streets of Philadelphia, na mwaka 1994 akapata tuzo ya Oscar kwa wimbo huo.

Kumbukeni miaka ile. Dawa za kufubaza virusi kama tulizonazo leo hazikuwepo, hata kwao. Huku kwetu ndugu walikuwa wanatengewa sahani na kikombe. Wenzangu waliotutangulia kazini wanasimulia wagonjwa walioletwa na kuachwa, anwani ya uongo. Mwanamuziki wa rock, shabiki zake wengi ni wanaume wenye misuli na magari makubwa, anakwenda kuimba kwa sauti ya chini kabisa akiwa ndani ya mwili wa mgonjwa: nguo zinampwaya, anajiona kwenye kioo cha dirisha hajitambui, anatembea mjini anajiuliza kama kuna atakayempokea. Hakuna mahubiri. Hakuna "alijitakia". Naomba kila mwanafunzi wa uuguzi ausikilize kabla hajaingia wodini.

Halafu kuna huu ambao kila mama wa Kiafrika mwenye mtoto Marekani anapaswa kuujua. Tarehe 4 Februari 1999, Amadou Diallo, kijana wa miaka 23 mwenye asili ya Guinea aliyekuwa akiuza vitu mitaani New York, alisimama mlangoni kwenye jengo alimoishi, mtaa wa Bronx. Polisi wanne wakamfyatulia risasi 41. Zilizompata ni 19. Hakuwa na silaha. Mkononi alikuwa na pochi. Wale polisi walishtakiwa, na mwaka 2000 mahakama ikawaachia.

Springsteen akatunga wimbo, American Skin. Chama cha polisi wa New York kilikasirika sana, kikawataka polisi wasifanye ulinzi kwenye maonyesho yake. Aliendelea kuuimba. Na ubeti unaonimaliza mimi siyo wa risasi. Ni wa mama, asubuhi, anamwandaa mtoto wake wa kiume kwenda shule. Anamfundisha: polisi akikusimamisha kuwa na adabu, usikimbie, mikono yako ionekane. Anamuapisha.

Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka 15 kule. Nilipomwambia nimeusikia wimbo huo alinyamaza kwenye simu. Halafu akasema, "Mdogo wangu, hayo maneno mimi nimemwambia mwanangu jikoni, kwa Kiswahili."

Sikuwa na cha kumjibu.

SEHEMU YA 6: "LAKINI NESI, SI NI TAJIRI HUYO?"

Ndiyo ni tajiri, tena tajiri kweli kweli. Mwaka 2021 aliiuzia Sony haki za nyimbo zake, ikaripotiwa ni kama dola milioni 500. Mwaka 2022 baadhi ya tiketi zake zilipanda mpaka maelfu ya dola, mashabiki wake, wale wale anaowaimba, wakapandwa hasira. Nadhani walikuwa na haki. Fundi bomba wa Ohio hawezi kutoa dola elfu kwenda kusikia wimbo kuhusu fundi bomba wa Ohio.

Na hajawahi kufanya kazi kiwandani hata siku moja. Hilo amelisema mwenyewe, mbele ya watu, kwenye maonyesho yake ya Broadway ya 2017 na 2018. Alikiri kwamba aliyoyaandika hakuyaishi, na kwamba zile nguo za kazi anazovaa jukwaani ni za baba yake, kwa maana kwamba alitaka kuisema sauti ya baba ambaye mwenyewe hakuweza kusema.

Nimelifikiria sana hili. Nimefika hapa: hata mimi sijawahi kuugua magonjwa mengi ninayoyahudumia. Sijawahi kuwa binti wa miaka 18 leba. Huhitaji kuwa umeugua ndipo umhudumie mtu vizuri. Unachohitaji ni kuuliza na kusikiliza, na usijifanye ndiye mgonjwa. Utajiri wake nitamlaumu kwa bei za tiketi. Kwa nyimbo simlaumu, maana mle hajamdanganya mtu.

Kingine, hana afya ya chuma. Kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 2016 ameeleza kwamba ameishi na sonona miaka mingi, alianza kwenda kwa mtaalamu miaka ya mwanzo ya 1980, na alipofika miaka ya sitini ilimwangusha vibaya, akatumia dawa. Mwanaume ambaye nchi nzima inamwona kama mfano wa ukakamavu ameandika hayo kwa jina lake. Baba vijana mnaosoma kimya kimya, mmesikia?

Kitabu hicho kina habari moja ambayo huwa nawasimulia akina mama wodini. Muda mfupi kabla ya mtoto wa kwanza wa Springsteen kuzaliwa, mwaka 1990, baba yake aliendesha gari mwendo wa saa nyingi akafika kwa mwanaye Los Angeles bila taarifa. Wakakaa mezani asubuhi. Yule baba asiyesema akasema: kwamba mwanaye amewatendea wema, na kwamba yeye hakumtendea mwanaye vizuri. Basi. Ni maneno machache, lakini yalichukua miaka 40 kutoka, na yalitoka siku mtoto anakaribia kuwa baba.

Sitaki nyumba zenu zisubiri miaka 40.

Kwa hiyo nawaomba. Mama mwenye kichanga, baba wa mtoto akirudi leo kanyamaza, usianze na "mbona umenuna." Muulize leo kazini kulikuwaje, halafu mwache amalize. Baba, na wewe muulize mama alilala saa ngapi, na usiulize ukiwa unaangalia simu. Sonona baada ya mtoto kuzaliwa huwapata akina mama, na akina baba pia huwapata. Huzuni au hasira ikizidi wiki mbili, usingizi hauji hata mtoto akilala, au mtu anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, njooni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sitawacheka.

Na mkikutana na nesi mkali, mwambieni jina lenu. "Sista, naitwa fulani, mume wangu ni fundi, huyu ni mtoto wetu wa kwanza." Ni vigumu zaidi kumtukana mtu ukishajua jina lake na kazi yake. Najua siyo kazi yenu kutufundisha adabu, ni yetu. Ila usiku ni mrefu na sisi tunasahau.

Yule binti wa zege, mtoto wake sasa atakuwa ameanza shule. Sijawahi kumwona tena. Kama uko humu unasoma, mdogo wangu, naomba unisamehe. Na mwambie baba yake ile chai nilikunywa saa tisa usiku, ilikuwa na tangawizi, na ndiyo iliyonifikisha asubuhi. Sikumwambia ahsante.

Nesi wenu.